Fimbo Iliyoshuka Jabali

Mfereji hupimwa mkiani.

Bibi Namkunda alisema maneno hayo tu, kisha akaketi. Ilikuwa kwenye kikao cha kijiji, na vijana wa kamati walikuwa wamemaliza kusoma sheria ndogo waliyoiandika wenyewe, ya kuhamisha siku ya soko kutoka Alhamisi kwenda Jumanne. Ilikuwa imeandikwa vizuri na kupigiwa makofi, na mikono ilikuwa karibu kuinuliwa. Baada ya maneno yale mikono ikabaki mapajani. Wazee wakatazamana, mwenyekiti akaliahirisha jambo lenyewe, na vijana wakatoka nje wameduwaa, maana hawakujua wamekosea wapi.

Wakamfuata bibi hadi jikoni kwake. Hakuwauliza wamefuata nini. Aliwasukumia nyungo mbili za maharage wachambue.

"Bibi," alisema Kiondo, katibu wao, "mfereji umeingiaje kwenye habari za soko?"

"Chambua kwanza. Mawe yaweke huku, hayo mabovu ni ya kuku." Akavuta kigoda chake karibu. "Msemo huo una kwao, na una siku uliyozaliwa. Mmeusikia ukiwa mkubwa, umeshaota meno, ndiyo maana umewauma. Ulianza hivi."

Siku moja watu wa Kwembaru walikuwa wamekaa kando ya ndiva, lile bwawa lao la kukinga maji ya mlimani, wakingoja mlango ufunguliwe. Akatokea mwanamke ambaye hakuna aliyemtambua. Alitokea upande wa chini, upande wasikotokea wageni, kwa sababu njia ya wageni inashuka kutoka barabarani. Kichwani alikuwa na beseni. Akalitua miguuni pa karani, akafunga kanga yake vizuri, akasalimia wakubwa kwa wadogo, kisha akasema, "Nimeleta zamu yangu ya maji. Naomba mnipimie."

Ndani ya beseni mlikuwa na tope, kiasi cha kuzibia tundu la panya.

Watu wakacheka. "Mama, umekuja kutuuzia vyungu?" mmoja akamwuliza.

"Chungu kinataka maji, baba," alijibu. "Hili halitoshi hata kufinyanga kifuniko."

Kicheko kikapungua.

Karani wa mfereji alikuwa kijana aitwaye Semvua. Alikuwa amesoma hadi darasa la nane, jambo kubwa siku zile, akarudi nyumbani na daftari gumu na moyo uliojaa haki. Kabla yake maji yalikwenda kwa undugu. Mwenye mjomba mlangoni ndiye aliyelowesha, na asiye na mjomba alitazama mawingu. Semvua akasema hapana, tuweke sheria moja kwa wote. Akaiandika. Mashamba yote ishirini na manne yakaingia daftarini, zamu tatu kwa siku, kila shamba kwa siku ya nane. Kila zamu ilikuwa na urefu uleule: mlango wa ndiva ukifunguliwa, kivuli cha nguzo iliyokuwa pale kianze safari kutoka jiwe moja, na kikigusa jiwe la pili pembe ilie, zamu imekwisha. Kila asubuhi, kabla ya zamu ya kwanza, fimbo yenye alama kumi ilichovywa ndivani. Ikisoma saba, maji yanatosha.

Na kulikuwa na kifungu alichokipenda kuliko vyote. Pembe ikilia, mwenye zamu inayofuata awe amesimama mwenyewe kwenye mdomo wa shamba lake, pale maji yanapoingilia, jembe mkononi. Asiyekuwepo, zamu imempita mpaka siku ya nane nyingine, na ni marufuku mtu kumfungulia mwenzake. Zamani wakubwa walikuwa wakituma wachungaji wao kuwachukulia maji ya wanyonge, na kifungu hicho ndicho kilichowakata mikono.

Sheria ilipitishwa kikaoni, na kikao kiliitwa kwa desturi ya pale. Ilipigwa pembe ya tandala kando ya ndiva. Aliyeisikia akaja, huyo ndiye mwenye kikao. Ambaye hakuja hakulaumiwa. Hakuulizwa pia. Mikono yote iliinuliwa, na chini ya ukurasa Semvua akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Waliopinga, hakuna.

Basi sasa alilitazama lile tope, akamtazama mwenye tope.

"Jina lako nani, mama?"

"Nakijwa."

Akapekua daftari. Kweli jina lilikuwepo, mwisho kabisa, kwenye mstari ulioandikwa: Mkiani, chini ya Jabali, kaya tatu. Majina yale aliyapata kwa wachunga mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kushuka Jabali, ule mwamba mkubwa ambao kwa watu wa Kwembaru ndio uliokuwa mwisho wa kijiji.

"Zamu yako ilikuwa jana, ya kwanza asubuhi," alisema. "Mlango ulifunguliwa. Nilisimama pale mimi mwenyewe."

"Sijasema haukufunguliwa. Nasema hiki ndicho kilichonifikia. Na ile ya kabla yake ilikuwa hivihivi. Mahindi yangu yako magotini na yameanza kujikunja. Maharage niliyapanda kwa mbegu yangu ya mwisho. Mume wangu yuko bondeni anakata mkonge, na akirudi atanikuta nimekaa juu ya vumbi. Wenzangu wawili wameshafunga mizigo, wamehama wiki iliyopita. Nimebaki mimi."

"Mbona hawakuja kusema?"

"Kwa nani, mwanangu?"

Msimamizi wa mlango, mzee Kajiru, akakohoa. Alikuwa mtu mnyoofu, aliyeitunza ile fimbo kama mboni ya jicho. "Jana fimbo ilisoma saba," alisema. "Nimeichovya kwa mkono wangu. Fimbo haina shangazi wala shemeji, haimpendelei mtu. Maji yalitoka."

"Basi yameibiwa njiani," alisema Semvua, na moyo wake ukapata pa kushika, kwa kuwa mwizi ni jambo linaloeleweka. Akawauliza wenye mashamba mmoja mmoja mbele ya wote. Kila mmoja akaapa kwamba zamu ya Nakijwa ilipita mdomoni pa shamba lake bila kuguswa. Semvua aliwajua tangu utotoni, aliijua sauti ya kila mmoja anapodanganya, na hakuisikia. Akazidi kuchanganyikiwa. Kama hakuna mwizi, maji yamekwenda wapi? Na kama maji yamefika, tope hili ni la nini?

Nakijwa akaliinua beseni lake. "Nisiwapotezee muda. Nimewaonyesha."

"Ngoja, mama," Semvua akasema. "Zamu yako ijayo nitatembea na maji mimi mwenyewe, kutoka hapa mlangoni mpaka shambani kwako. Nitakuja na fimbo, tupime wote wawili tukiona."

Mwanamke akaliweka beseni kichwani. "Ukija nitajua kijiji hiki kina macho. Usipokuja sitakulaumu, lakini siku ya pili yake hutanikuta. Mzigo wangu si mkubwa."

Akaondoka kwa njia aliyojia.

Wiki ile Semvua hakuelewa kitu. Aliukagua mfereji kutoka ndivani hadi ukingoni pa Jabali, akakuta kila mdomo wa shamba usio na zamu umezibwa kwa mgomba na tope, kama sheria inavyotaka. Akaisoma upya sheria yake, akaiona nzuri. Akairudia kwa kuitafutia kosa, akaiona nzuri zaidi. Mzee Kajiru alimwambia yule mwanamke pengine ana fuko wanaochimba mfereji, na mwingine akasema watu wa chini wana tabia ya kulalamika. Semvua akataka sana kuamini habari za fuko.

"Mama," alimwuliza mama yake wakati wa chakula, "sheria ikiwa sawa kwa wote, inaweza kumwonea mtu?"

"Niulize kama mboga ina chumvi," alisema mama yake. "Sheria ni zenu."

Alipolifungua daftari kwenye ukurasa wa zamu, aitie alama ya Nakijwa, ndipo akaona jina linalofuata siku hiyohiyo, zamu ya pili. Lilikuwa lake mwenyewe. Shamba lake halikuwa mbali na ndiva, na mahindi yake yalikuwa yakianza kutoa mbelewele, wakati ambao hindi likikosa maji linazaa gunzi. Ndicho chakula alichokitegemea yeye na mama yake. Lakini hakuona tatizo. Maji yanakimbia, alijiambia. Nitashuka nayo, nitapima, na pembe itanikuta nimesharudi nimesimama mdomoni pangu na jembe.

Siku ya nane ikafika. Mzee Kajiru akachovya fimbo, ikasoma saba. Akamkabidhi karani kwa mikono miwili, akisema, "Usiitie nyufa." Mlango ukafunguliwa, maji yakatoka kwa kishindo, na Semvua akaanza kutembea kando yake.

Mwanzo ilimbidi kukaza mwendo. Mashamba matano ya kwanza aliyapita karibu anakimbia, na watu wakamtania kwamba karani anashindana na mto. Kwenye shamba la kumi mwendo ulikuwa wa mtu anayekwenda kusali. Kwenye la kumi na tano akalazimika kusimama na kuyangoja maji. Mfereji ulikuwa umekauka tangu jana, na udongo ulikuwa unakunywa. Maji yalifika kwenye ufa, yakaujaza, yakatulia kama yanayofikiri, ndipo yakaendelea. Hakuna aliyeyaiba. Semvua aliyatazama kwa macho yake mawili, hakuna mkono uliogusa, na yalikuwa yanapungua.

Akatazama jua.

Alipofika ukingoni pa Jabali, maji yalikuwa nyuma yake hatua ishirini. Akayangoja. Yakaja membamba kama utepe, yakafika kwenye mwamba, yakaanza kuteremka kwa kudondoka. Kule juu kivuli kilikuwa karibu na jiwe. Alijua kwa kukitazama chake mwenyewe. Akigeuka sasa hivi na kukimbia, pembe itamkuta shambani kwake. Akishuka, haitamkuta.

Akasimama pale, fimbo mkononi. Sheria ni yangu, aliwaza, na inaniita kule. Ahadi ni yangu pia, na iko huku. Ni kipi kati ya hivi viwili ndicho haki? Kitabuni havikuwahi kugombana. Alijaribu kufikiri kama karani, akashindwa. Akajaribu kufikiri kama mkulima, akayaona mahindi yake. Mwishowe akilini akamwona tu yule mwanamke ameketi juu ya mzigo wake, anatazama juu ya mwamba kama kuna mtu anakuja. Akashuka.

Nakijwa alikuwa ameketi juu ya mzigo wake kweli. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeshafunguliwa vipande na kufungwa pamoja na jamvi. Beseni lilikuwa juu.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Na maji?"

"Nimeyaacha kwenye mwamba. Yanakuja."

Wakaenda wote mdomoni pa shamba, Semvua akaisimika fimbo katikati ya mfereji, wakakaa pembeni wakingoja. Mahindi yalikuwa yamejikunja kama majani ya tumbaku. Muda ukapita. Uso wa udongo ukawa mweusi, ukaloa, ukang'aa kidogo. Kisha ukaacha kung'aa. Fimbo ilikuwa imelowa pale chini ilipochomekwa, chini hata ya alama ya kwanza.

"Ndiyo hiyo zamu yangu," alisema Nakijwa. "Hapo nilikuwa nachota kwa vidole."

Semvua akainua kichwa, akasikiliza. "Pembe imeshalia?"

"Pembe gani?"

"Pembe ya zamu. Ile ya tandala."

"Sijawahi kuisikia pembe huku, mwanangu. Mimi nahesabu siku kwa mafundo ya kamba, ikifika ya nane naamka alfajiri nakaa hapa."

"Hata siku ya kikao? Siku tulipopitisha sheria?"

"Mlikuwa na kikao?"

Semvua akaikazia macho ile fimbo. Alikuwa na daftari kwapani, na ndani yake, chini ya ukurasa, palikuwa na yale maneno: Waliopinga, hakuna. Aliyaandika kwa furaha. Sasa aliona yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya uongo, yote mawili kwa wino mmoja, na hakujua ayafute au ayaache. Kivuli walianza kukihesabu mlango ulipofunguliwa. Kwa mtu wa juu mlango ukifunguliwa maji yameshafika. Kwa mtu wa chini, mlango ukifunguliwa maji ndiyo kwanza yanaaga nyumbani, na yakimaliza safari, muda wake umekwisha. Walimpa kila mtu kipimo kimoja na hakuna aliyewahi kusimama hapa kukitazama.

"Mama," alisema, "fungua mzigo."

"Niufungue kwa maji yapi?"

"Sina maji. Lakini fimbo hii naiacha hapa ilipo. Haitarudi juu mpaka maji yafike kwenye alama zake. Nakuahidi."

Hapo mawe yakaporomoka, na mzee Kajiru akashuka mwamba kwa makalio, akihema, kofia mkononi. Alikuwa hajashuka pale maisha yake yote.

"Uko hai," alisema alipomwona karani. "Nilidhani Jabali limekumeza. Pembe imelia, mdomoni kwako hakuna mtu, mahindi yanakutazama. Nimekaa, nimekaa. Anayekufuata kwa zamu amefungua, ana haki yake. Zamu imekupita, Semvua."

"Najua, mzee."

"Siku nane tena. Na mbelewele zile?" Mzee akapunguza sauti. "Sikiliza. Kesho kabla sijachovya fimbo nitakupenyezea kidogo, kimyakimya. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kifungu nilikiandika mwenyewe, mzee. Kama ni kibaya tukae, tukibadilishe watu wote wakiwepo. Lakini hakiwezi kuwa kibaya siku ya zamu yangu tu."

Mzee Kajiru akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa. Kisha akayaona mahindi ya Nakijwa, akaona mfereji, na akaiona fimbo yake imesimama katika tope. Akainama akaigusa. Akavipangusa vidole kwenye suruali, akavitazama tena.

"Asubuhi ilisoma saba," alisema polepole.

"Ilisoma saba kwako," alisema Nakijwa.

Mzee akanyoosha mkono.

"Haya, nipe fimbo," mzee akasema. "Kesho nitapima na nini?"

"Inabaki hapa," alisema Semvua. "Nimemwahidi mama."

"Mfereji unapimwa mlangoni tangu babu zangu."

"Mlangoni tunapima ndiva, mzee. Mfereji hupimwa mkiani."

Mzee Kajiru alibishana kidogo, kwa heshima ya babu zake, kisha akapanda mwamba mikono mitupu. Siku ya tatu yake alishuka tena, safari hii na pembe, akaipiga akiwa amesimama shambani kwa Nakijwa, na nusu ya kijiji ikashuka Jabali ikilalamika magoti. Walikalia mzigo wa Nakijwa, walikalia mawe. Walibishana mpaka jua la mchana likawachoka. Wa juu walisema zamu zao zitafupika, na ilikuwa kweli, na walikasirika. Semvua alikuwa na majibu machache. Aliwaambia tu watazame fimbo. Mwishowe wakakubaliana kwamba kwa mashamba ya mkiani kivuli kianze kuhesabiwa maji yakishalowesha fimbo kule chini, na mtu apunge kitambaa ukingoni pa Jabali. Na kikao chochote cha maji kiitwe kwa pembe mbili, moja juu na moja chini. Zamu ya Nakijwa iliyofuata, fimbo ililowa mpaka alama ya nne. Ndipo Semvua akaing'oa, akairudisha juu.

Bibi Namkunda akapepeta ungo wake.

"Na mahindi yake Semvua?" aliuliza Kiondo.

"Alingoja siku zake nane kama mtu mwingine yeyote. Yalitoa magunzi, machache yakiwa na punje kama meno ya mzee. Mama yake alimwambia, sasa nipikie hiyo sheria. Nakijwa alimletea kikapu cha maharage msimu ulipokwisha. Akakipokea, hakuwa na kiburi cha njaa."

Vijana wakacheka, kisha wakaacha. Kiondo alikuwa ameitoa mfukoni ile karatasi ya sheria ya soko.

"Mkia wa soko lenu uko wapi?" bibi akauliza.

Walitazamana, mmoja akataja wauza nguo, mwingine akasema wenye maduka. Wakabishana. Bibi hakuwasaidia.

"Wauza ndizi wa kule juu Mbajo," alisema Kiondo hatimaye. "Wanakata Jumanne, wanashuka Jumatano, wanalala njiani. Soko likiwa Jumanne, itabidi wakate Jumapili, siku ya ibada..." Akaikunja karatasi. "Hatukuwauliza. Kesho tutapanda tukawaulize, bibi."

"Kesho si ndiyo fainali yenu ya mpira?"

Wakaguna wote, maana walikuwa wameisahau, na nusu ya timu ilikuwa pale jikoni inachambua maharage.

"Tumeshasema kesho," alisema Kiondo.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bibi Namkunda alikuwa mlangoni pake akikinga maji ya paa, akawaona wakipanda kwenda Mbajo, sita kwa mstari, viatu mkononi na tope magotini, huku filimbi ya mpira ikilia kule uwanjani bila wao. Kiondo alikuwa mbele, ile karatasi ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Alipompita bibi alipunga mkono, akasema kwa sauti ya mtu ambaye sasa ameyaelewa maneno kwa miguu yake:

"Mfereji hupimwa mkiani, bibi."